Chupa Niliyoimwaga Kwenye Sinki

Ninyi mnaoanza kazi kwenye famasi mwaka huu, na vyeti vyenu vipya na simu zenye kikokotoo, nina mambo mawili ya kuwaambia. Kwanza, jinsi ya kuchanganya dawa ya maji ikatoka na ukali unaotakiwa. Halafu kuna chupa moja niliyoichanganya vibaya, nikaimwaga kwenye sinki kabla mtu hajaiona, nikanyamaza miaka kumi na tisa. Hilo la chupa ni zito kwangu, kwa hiyo naanza na la kuchanganya. Yakiingiliana mtanisamehe.

Mimi si mfamasia. Nilimaliza kidato cha nne Maswa nikiwa na D ya hesabu, na kazi niliipata kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka. Kilikuwa kituo kidogo cha afya cha mtu binafsi, mbele kidogo ya Kasoli, ambacho sasa hakipo. Jengo wanahifadhia pamba. Baada ya pale nimefanya kazi Bariadi, Kiloleli, Meatu na kwingine ambako sikukaa hata msimu mmoja. Mwajiri akianza kuniita kwa jina la utani, najua muda wa kuhama umefika. Mke niliwahi kuwa naye kwa miaka miwili. Vitu vyangu vyote vinaingia kwenye begi moja, na begi lenyewe linafungika vizuri.

Aliyenifundisha kuchanganya ni mama mmoja wa pale kituoni, kwao Kiloleli, aliyeitwa Mayu Kabula. Mayu ni mama kwa Kisukuma, na hakuna aliyemwita vinginevyo, hata mganga mkuu wa kituo aliyekuwa akimlipa mshahara. Alikuwa mfupi, mnene, na alipima dawa akiwa amepiga magoti mbele ya meza kama anayesali. Wiki ya kwanza nikadhani anasali kweli.

"Mayu, mbona unapiga magoti?"

"Wewe unasimama?"

"Nasimama."

"Basi unaona uongo. Njoo chini."

Nikapiga magoti. Jagi la kupimia ukiliangalia kutoka juu, maji yanaonekana yamevuka mstari. Ukiweka jicho sawa na mstari unaona kumbe bado. Katikati maji yanabonyea kidogo, na kipimo ni pale chini kwenye bonde, siyo kingo zilizopanda kwenye kioo. Hilo nililijua nikiwa magotini, suruali yangu ya kwanza ya kazi ikaisha magoti kabla ya sehemu nyingine yoyote.

Hesabu yenyewe msiiogope. Dawa haiongezeki wala haipungui unapotia maji. Kijiko kimoja cha sukari ni kijiko kimoja, ukiweke kwenye kikombe au kwenye ndoo. Kinachobadilika ni utamu. Kwa hiyo chukua ukali ulionao, zidisha kwa kiasi utakachomimina. Jibu hilo lazima lilingane na ukali unaoutaka ukizidisha kwa kiasi unachotaka kupata. Una spiriti ya asilimia tisini na sita, unataka lita moja ya asilimia sabini. Sabini zidisha elfu moja, gawanya kwa tisini na sita. Ni mililita mia saba ishirini na tisa. Mimina hizo kwenye jagi, kisha ongeza maji mpaka mstari wa lita. Nimesema mpaka mstari. Sikusema pima maji mia mbili sabini na moja uyamwage humo.

Najua kwa nini nasisitiza. Mwaka wangu wa kwanza nilipima spiriti mia saba ishirini na tisa, nikapima maji mia mbili sabini na moja, nikajumlisha kichwani nikapata elfu moja kamili, nikafurahi. Nilipochanganya, jagi likasoma pungufu. Si kidogo; kama nusu kikombe cha kahawa hakipo. Dirisha lilikuwa wazi na mlinzi wetu alikuwa amesimama nje akipiga mluzi. Nikatoka.

"Mzee, spiriti imepungua."

"Imepunguaje?"

"Nakuuliza wewe."

Akaniangalia kuanzia viatu mpaka kichwani. "Mimi ni mlokole, kijana. Hata togwa ikilala siku mbili sinywi. Njoo uninuse."

Akanipumulia usoni, kwa hasira, mara tatu. Alinuka karanga. Mayu Kabula akaja, akanambia nipime upya mbele yake. Nikapima. Ikapungua tena, na mlinzi akiwa kule kwenye geti. Mama yule alicheka mpaka akakaa chini. Spiriti na maji vikikutana vinabanana, kila kimoja kinaingia kwenye nafasi za mwenzake, na jumla inakuwa ndogo kuliko ulichomimina. Ndiyo maana unajaza mpaka mstari. Nilimwomba mlinzi msamaha, naye alinisamehe kwa sharti la kwenda naye kanisani Jumapili nne. Nilikwenda tatu.

Msamaha wa namna hiyo ni rahisi, ndiyo maana nimeusimulia.

Sasa pamanganeti. Nyie mnaiona mara chache. Ni chembe nyeusi zinazong'aa kizambarau, na zikigusa maji zinatoa rangi kama zilikuwa zimeibania. Tulikuwa tunawapa watu wenye vidonda vya miguu ili waloweke. Mayu Kabula alitengeneza kwanza ile kali, gramu moja kwa lita moja, yaani sehemu moja katika elfu. Mgonjwa alipewa hiyo kwenye chupa, na nyumbani alitakiwa kuweka kikombe kimoja cha dawa na vikombe tisa vya maji ndani ya beseni. Inakuwa moja katika elfu kumi. Hapo inasafisha kidonda bila kuunguza nyama.

Kwa kuwa wengi hawakusoma lebo, aliwapa njia nyingine ya kuhakiki. Ua la pamba likifunguka siku ya kwanza huwa jeupe kama maziwa. Siku ya pili linageuka waridi. Baada ya hapo linaiva, linakuwa jekundu la kukolea, linanyauka. "Ukimaliza kuchanganya angalia beseni," aliwaambia dirishani. "Liwe kama ua la siku ya pili. Likiwa la siku ya tatu, mwaga, uanze upya." Mkulima wa Kasoli haombi maelezo zaidi ya hayo. Mimi niliyejua asilimia nilikuwa nacheka moyoni. Niliona ni mambo ya kizamani.

Jambo jingine la kwetu, ambalo hamtafundishwa chuoni: mfugaji anaamini dawa inayouma. Ameona josho, ameona ng'ombe anavyoruka dawa ya kupe ikimpata, na kupe wakadondoka. Ukimpa kitu kinachopoza anadhani umemdanganya. Mmoja alinirudishia chupa akasema, "Hii ya kwako ni kama maji ya kunawa. Nipe ile ambayo mwenyewe ukiiona unaogopa."

Huyo aliitwa Masunga. Alikuwa na ng'ombe wengi na kidonda juu ya kifundo cha mguu wa kushoto. Waliishi mji mmoja, yaani boma moja, yeye na mdogo wake Jilala, zizi moja, na walitaniana hadharani mpaka watu wasiowajua walidhani wanagombana. Jilala ndiye aliyemleta kwa baiskeli. "Mpeni dawa huyu mzee," alisema, "amekuwa mzito kuliko gunia la pamba na hana hata bei."

Siku yenyewe ilikuwa msimu wa kiangazi, masalia ya pamba yameshang'olewa na kuchomwa, hakuna ua lolote mashambani. Tulikuwa na wagonjwa wengi wa vidonda, nikaamua kutengeneza lita kumi kwa mpigo. Nikaandika kwenye daftari la kuchanganyia: gramu kumi, lita kumi. Sahihi kabisa. Nikaandika na lebo: moja katika elfu. Nikabandika lebo kwenye chupa ya lita moja ili iwe tayari. Nikapima gramu kumi kwenye mizani, na nilipochukua dumu la lita kumi nikakuta limepasuka chini. Nikasema basi, nitayeyusha hizi gramu kumi kwenye hii chupa kwanza, kisha nitafute ndoo nizimue. Nikayeyusha. Mtu akagonga dirishani. Foleni ilikuwa ndefu, wapo waliotoka mbali na wakali kwa njaa. Nilipomaliza nao nikageuka, nikaona chupa mezani, ina lebo yangu kwa mwandiko wangu unaosomeka. Nikaiweka kwenye rafu.

Mnaona kilichotokea. Dawa ilikuwa kali mara kumi ya ilivyoandikwa. Lebo inabandikwa baada ya kuchanganya. Hata kama chumba kinaungua, maliza kuchanganya, kisha andika.

Masunga alichukua kutoka kwenye chupa ile kesho yake, wa kwanza na wa mwisho kuipata. Mimi ndiye niliyemmiminia. Niliona ni nyeusi, lakini ile kali siku zote inaonekana nyeusi kwenye chupa; rangi yake huijui mpaka uizimue.

Alirudi baada ya siku tano, amebebwa mgongoni na Jilala. Kidonda kilichokuwa na ukubwa wa sarafu kilikuwa kimekula mpaka karibu na vidole. Ngozi ilikuwa ya kahawia, imekauka kama ya viatu, na pale ilipopasuka palikuwa pabichi. Hakulia. Alinisalimia kwa jina. Nilimsikia mganga mkuu akisema atakuja kukagua dawa akimaliza kumfunga.

Nikaingia ndani. Nikachukua ile chupa, nikatia kijiko kimoja kwenye glasi na vijiko tisa vya maji, kwa kipimo cha nyumbani. Ilitoka rangi ya damu ya mzee. Hapo nikajua. Nilikuwa na dakika kama tano. Ningeweza kuibeba chupa na kumpelekea mganga mkuu. Niliimwaga yote kwenye sinki, nikapima gramu moja, nikatengeneza mpya, kipimo kikiwa sahihi, nikiwa nimepiga magoti. Mganga mkuu akaja, akasoma lebo, akasoma daftari, akazimua, akaona waridi. Akatoka akamwambia Masunga, "Dawa yetu haina tatizo. Hili limetoka kwingine."

Masunga alimgeukia mdogo wake akamtazama. Niliona alivyomtazama na sikuelewa.

Pamanganeti inaacha alama. Sinki letu jeupe lilikuwa limegeuka kahawia kuanzia ukingoni hadi kwenye tundu. Mayu Kabula aliingia, akaliona, akaniona. Akaenda jikoni akarudi na ndimu mbili, akazikata, akaanza kusugua. Ndimu inaondoa ile rangi, mkitaka kujua. Alisugua muda mrefu.

"Siku ukiwa tayari utanambia," alisema bila kugeuka.

"Nikuambie nini, mayu?"

"Haya."

Hakuuliza tena. Tulifanya kazi chumba kimoja miezi mingine minane, tunasalimiana, tunapasiana jagi. Kila asubuhi nilikuja na maneno yameshapangwa, na kila jioni niliondoka nayo. Halafu nikahamia Bariadi. Nilisema napenda mji. Baadaye nikasema napenda ziwa, nikaenda Kiloleli, ambako Mayu Kabula alikuwa bado hajarudi, na nilipoambiwa anakaribia kustaafu na kurudi kwao, nikasema napenda Meatu.

Niliacha kazi nikiwa na arobaini na tatu. Siku hizi dawa nyingi zinakuja zimeshachanganywa kiwandani, zimefungwa, na anayezigusa lazima awe amesomea. Ni vizuri. Sina kinyongo. Nina chumba cha kupanga nyuma ya stendi ya Bariadi, nauza vocha na chaja, na mikono yangu bado hupima yenyewe: nikijaza maji ya chai kwenye chupa najikuta nimeinama kuangalia bonde.

Mwaka jana nikapanda basi kwenda Kiloleli kumwambia Mayu Kabula. Nilikuwa nimeamua kweli. Nilikuta turubai limeshaondolewa uwanjani lakini mawe ya kulishikilia bado yapo kwenye mduara. Alikuwa amezikwa wiki mbili kabla. Binti yake, mtu mzima wa makamo, alinipa uji na kiti.

"Ulikuwa unafanya naye kazi?"

"Alinifundisha kupima."

"Ulikuwa na jambo naye?"

Nikasema hapana, nilikuwa napita tu. Nikanywa uji. Kwenye basi la kurudi nilikaa dirishani, na watu wakawa wanashuka mmoja mmoja mpaka nikabaki na konda. Nilijaribu kumwambia konda. Nilianza hivi: "Kuna wakati nilifanya kazi ya dawa." Akasema, "Mzee, una kitu cha vidonda vya tumbo?"

Alikuwa amebaki Masunga. Nilikaa nalo miezi, nikijua mji wake ulipo, umbali wa pikipiki moja kutoka Kasoli. Mwezi uliopita nikaenda.

Nilimkuta Jilala anafunga mlango wa zizi kwa kamba. Amezeeka, hanijui tena. Nikamsalimia, akaitikia, nikajitambulisha: yule wa dirisha la dawa. Akanikaribisha kigoda. Nikauliza habari za kaka yake.

"Hayupo hapa. Yuko Mpanda na ng'ombe wake. Aligawa zizi akaondoka."

"Lini?"

"Mguu ulipopona. Ulipona vibaya, anachechemea." Akavuta kamba. "Alisema mimi ndiye niliyemfanyia. Kwamba nilitaka ng'ombe. Hospitali walimwambia dawa ni nzima, sasa akauliza, kama dawa ni nzima ni nani? Na aliyekuwa anamchotea maji ya kuchanganyia ni mimi."

"Hamuongei?"

"Mama yetu alipokufa alikuja, akakaa upande wa pili wa kaburi. Akaondoka siku hiyohiyo."

Vijana wangu, kwa miaka yote ile nilikuwa nikijihesabia mguu mmoja. Nilidhani nimeshapata jumla ya kosa langu.

Nikamwambia. Hapo hapo, juu ya kigoda, bila mpangilio: dumu, lebo, sinki, ndimu. Jilala alisikiliza akiwa ameshika kamba. Nilipomaliza hakunipiga, ingawa nilikuwa nimejiandaa. Alisema, "Rudia. Pole pole." Nikarudia. Kisha akasema, "Mimi ukiniambia haitoshi. Mimi najua sikumfanyia kitu."

Namba ya Masunga hakuwa nayo. Mke wa Jilala aliyekuwa akipepeta mtama kando akasema, bila kuinua macho, "Mimi ninayo. Watoto wao na wetu wanaongea kila siku kwenye simu. Ni ninyi wazee tu."

Jilala alimtazama kama mtu aliyegundua nyumba yake ina mlango mwingine.

Nikapiga kwa simu yangu, nikaweka sauti ya juu. Ikaita sana.

"Nani?"

"Mzee Masunga, mhola?" nikamsalimia kwa Kisukuma.

"Mhola. Nani?"

"Yule wa famasi pale karibu na Kasoli. Wa dawa ya zambarau."

Ng'ombe walisikika upande wake. "Bado uko hai?"

"Niko hai. Mzee, ile dawa ilikuwa mbaya. Niliikosea mimi. Ilizidi mara kumi. Mlipokuja nikaimwaga nikaweka nyingine, ndiyo mganga akaona ni nzima. Hakuna mtu aliyekufanyia kitu. Ni mimi."

Nikaangalia kioo cha simu, dakika zinaendelea kwenda.

"Vikombe tisa," alisema hatimaye.

"Ndiyo. Kimoja cha dawa, tisa vya maji."

"Sikuweka tisa. Niliweka vitatu. Nilitaka iume." Akakohoa. "Jilala alichota maji ya tisa. Mimi nikamwaga sita pembeni akiwa ameondoka. Sikumwambia mtu. Ningesema, mngesema nimejiunguza mwenyewe."

Kichwa changu kilishaanza hesabu kabla sijakizuia. Moja katika mia badala ya moja katika elfu. Kisha sehemu moja kati ya nne badala ya moja kati ya kumi. Mara kumi, zidisha mbili na nusu. Mara ishirini na tano. Sikulisema.

Jilala alikuwa amesimama. Kamba ilikuwa chini.

"Wewe mfamasia," ilisema simu, "uko wapi sasa hivi?"

"Niko kwenu."

"Jilala yupo hapo?"

"Yupo."

"Mpe simu."

Nikampa. Aliishika mbali na sikio, kwa mikono miwili, akasema neno moja la Kisukuma wanaloitana ndugu wadogo na wakubwa. Upande wa pili ukaanza kusema kwa kasi. Mke wa Jilala aliacha kupepeta. Baada ya muda nikasikia wanatajiana ng'ombe, kwa majina na rangi, yupi alizaa na yupi alikufa, na Jilala akasema kitu kuhusu gunia la pamba, simu ikacheka.

Hawakuwa na haja na mimi tena. Niliinuka nikapangusa suruali, nikafika karibu na barabara, ndipo nikakumbuka kwamba simu ni yangu. Nikarudi nikakaa kwenye kigoda, kando kidogo, nikiwapa mgongo. Mke wa Jilala akaniletea maji kwenye kopo na kuniuliza kama nitakula, kwa sababu hao wawili, alisema, hawamalizi leo.

Nikasema nitakula.